Tope la vyoo: maswali tunayoulizwa kila wiki, na majibu yake

Ikishajulikana mtaani kwamba unafanya kazi kwenye kituo cha kuchakata tope la vyoo, huwezi kukaa msibani wala harusini bila mtu kukusogelea na swali. Wengine huuliza kwa utani, wengine huku wameziba pua. Hapa tumekusanya yanayojirudia zaidi kutoka kwa wenye nyumba, madereva wa malori, wakulima na majirani wa kituo. Tumeyapa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Tuanze na msingi

1. Tope la vyoo ni nini, na lina tofauti gani na majitaka?

Majitaka ni yale yanayotiririka. Tope ni kile kinachozama yakituama, iwe kwenye karo, kwenye bwawa au kwenye tangi la mtambo. Kuna tope linalotoka kwenye mitambo na mabwawa yanayopokea majitaka ya mabomba, na kuna lile linalonyonywa kwenye mashimo na makaro ya majumbani na kuletwa na malori. Hili la pili ndilo linalotuhusu zaidi, kwa sababu nyumba nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Nyaraka za serikali Tanzania huliita topekinyesi. Madereva huliita mzigo, na wakiongea na simu barabarani hakuna anayegeuka.

2. Kwa nini lisimwagwe mtoni au porini likajiozea lenyewe?

Litaoza, lakini kabla ya hapo litakuwa limeshapita kisimani kwa mtu. Kuna wenye nyumba wanaosubiri masika, mvua inyeshe usiku, watoboe ukuta wa shimo, mzigo uondoke na maji ya mtaro. Huko ndiko kutapisha choo kwenyewe, na wanaopokea ni wakazi wa bondeni. Kipindupindu hakihitaji njia nyingine zaidi ya hiyo. Likiingia mtoni, bakteria wanaolila hutumia oksijeni ya maji mpaka samaki wanakosa pumzi. Likizama ardhini, naitrojeni yake hugeuka nitrati na kuishia kwenye maji ya visima.

Na ni kosa kisheria, Tanzania chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kenya chini ya ile ya mwaka 1999.

3. Ndani ya lori moja kuna nini hasa?

Maji. Hili huwa linawashangaza watu kuliko jambo lolote tunalowaeleza. Chukua lori la lita 5,000 lililotoka kunyonya karo la kawaida. Mara nyingi yabisi ndani yake ni asilimia 2 hivi. Piga hesabu: kilo 100 tu za kitu kikavu, magunia mawili ya kilo 50. Kilo 4,900 zilizobaki ni maji uliyolipia dizeli kuyasafirisha.

Mashimo ya zamani ni mazito zaidi. Chini kabisa yabisi yaweza kufika asilimia 20, na mpira wa lori hauvuti mpaka shimo limwagiwe maji na kukorogwa. Katika hizo kilo 100 ndimo ulimo mchanga, karatasi, mabaki ya chakula, vimelea vya magonjwa, na pia naitrojeni, fosforasi na kaboni ambazo mkulima au mama lishe angezilipia. Kwa hiyo mtu akituuliza tunatoa nini kwenye tope, tunajibu kwamba kwanza tunatoa maji. Mengine yote huja baada ya hapo, na gharama yake hutegemea tumefanikiwa kiasi gani katika hilo.

## Kuondoa maji na uchafu

4. Lori likifika, mnaanza na nini?

Tunaanza na reki. Mzigo unamwagwa kupitia chujio la nondo zilizopangwa karibu karibu, na kijana mwenye buti na glavu ndefu anavuta kinachonasa. Asubuhi moja ya kawaida hunasa pedi, nepi, vipande vya kanga, chupa za plastiki, kondomu, nyembe, mifuko iliyofungwa fundo ambayo hakuna anayetaka kujua ina nini. Ila tunachokichukia kuliko vyote ni nywele bandia. Rasta zikipita chujio huenda kujisokota kwenye shafti ya pampu, zinakaza kama kamba ya katani, na fundi anakaa nusu siku na kisu akizikata nyuzi moja moja.

Kila ulichotupa chooni kwa sababu shimo halisemi, kuna mtu anakivuta kwa reki. Na kile kidogo kisichonaswa ndicho utakachokikuta kwenye mbolea.

5. Mnalikausha vipi?

Kwa vitanda vya kukaushia. Ni majaruba ya zege yenye tabaka la kokoto chini na mchanga juu, na bomba la kutolea maji sakafuni. Tope linamwagwa kina cha sentimita 20 hadi 30. Sehemu ya maji hupenya mchanga ndani ya siku chache za mwanzo, iliyobaki huondoka na jua na upepo. Kiangazi wiki mbili zinatosha mpaka tope lipasukepasuke kama udongo wa mbuga, na hapo unalibandua kwa chepe. Masika laweza kukaa mwezi na zaidi, labda uwe umeezeka kwa bati linalopitisha mwanga.

Si kila tope hukubali. Kuna kipimo cha bure tunachopenda: jaza chupa ya maji isiyo na rangi, iache kivulini saa moja. Mzigo wa karo la miaka mingi utajitenga, weusi chini, maji ya rangi ya chai juu. Mzigo wa choo cha stendi uliokaa siku chache utabaki vilevile kama uji, na ukiumwaga kitandani utaziba mchanga. Huo tunauchanganya kwanza na mzigo wa zamani. Uganda, kituo cha Lubigi pembeni mwa Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2014 kikiwa kimesanifiwa kupokea mita za ujazo 400 za tope kwa siku, hutanguliza matangi ya kutuamisha kabla ya vitanda. Ni busara, maana eneo la kitanda ni ghali kuliko tangi.

Vipo pia vitanda vinavyopandwa matete. Mizizi huendelea kutoboa njia za maji, na tope laweza kurundikwa miaka kadhaa kabla ya kutolewa. Vinataka mtu mvumilivu.

6. Maji yanayochujika yanakwenda wapi?

Hayaendi mtoni moja kwa moja. Yanaonekana safi kwa macho lakini yana amonia nyingi na bado yana vijidudu. Yanapita kwenye mabwawa yanayofuatana, au kwenye bustani ya matete, mpaka yafike viwango vya kuruhusiwa kutoka.

7. Tope limekauka, halinuki. Si limeshakuwa salama?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia. Harufu na hatari ni vitu viwili tofauti. Bakteria wengi hufa tope linapokauka, lakini mayai ya minyoo, hasa ya askarisi, yule mnyoo mrefu wa tumboni, yana ganda linaloyalinda na ukavu, na yanaweza kukaa udongoni miaka kadhaa yakisubiri mkono wa mtoto. Ndiyo maana sisi huangalia mayai hayo kwanza: yakiwa yamekufa, tunajua vimelea dhaifu zaidi vimekufa zamani.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kuhusu matumizi ya kinyesi kwenye kilimo, limeweka kikomo: yai la mnyoo lisifike hata moja kwa gramu moja ya yabisi kavu, na bakteria aina ya E. koli wasifike 1,000 kwa gramu.

Kinachoua ni joto likisaidiwa na muda. Nyuzi joto 62 huhitaji saa moja, 50 siku nzima, 46 wiki nzima. Jua la kitandani halifiki huko katikati ya tope hata Dodoma mwezi wa kumi. Uso wa juu unaweza kuunguza mkono huku sentimita kumi chini pana ubaridi na unyevu.

8. Joto hilo mnalipataje bila umeme?

Tunawaachia bakteria kazi. Tope kavu linachanganywa na maranda ya mbao, majani makavu au taka za sokoni, maana lenyewe lina naitrojeni nyingi na kaboni haba. Tunalenga sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Rundo la kimo cha mtu, lenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, hupanda zaidi ya nyuzi 55 ndani ya siku chache. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 hudai siku tatu za nyuzi 55 kwa rundo lisilogeuzwa lenye kupulizwa hewa, na siku 15 kwa tuta la kugeuzwa, ligeuzwe angalau mara tano ili kila kilichokuwa nje kipate zamu ya kuingia ndani. Sisi tunafuata hiyo ya siku 15.

Kipimajoto chenye mkono mrefu ndicho cha kuandikia kwenye daftari. Lakini mzee aliyetufundisha kazi alikuwa na kipande cha nondo. Anakichomeka katikati ya tuta jioni, asubuhi anakichomoa na kukishika. Akiweza kukishika huku anahesabu mpaka kumi, anasema tuta limelala, ligeuzwe. Akikiachia kabla ya tano, anacheka. Tulilinganisha mara nyingi na kipimajoto na hakukosea sana, ingawa mkaguzi hatakubali kiganja chako kama ushahidi.

Usipokuwa na rundo, kuna kungoja. Kwenye maeneo ya joto kama yetu, WHO huhesabu zaidi ya mwaka mmoja wa kuhifadhi pakavu bila kuongeza kitu kipya juu.

9. Na chokaa?

Inafanya kazi haraka. Ukipandisha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, kufika 12 na kuishikilia kwa saa kadhaa, bakteria wanakufa kwa wingi. Mayai ya minyoo hustahimili muda mrefu zaidi. Chokaa inafaa kwenye dharura, kwa mfano kambi iliyopata kipindupindu. Kwa kazi ya kila siku inakula pesa, inafukuza naitrojeni hewani kama amonia, na kama udongo wa mteja tayari una magadi hutakuwa umemsaidia.

10. Metali nzito zinaondolewaje?

Kwa ukweli, haziondolewi kwa bei tunayoiweza. Risasi, kadmi, zebaki na kromi hazifi kwa joto wala haziozi. Ukichoma tope zinabaki kwenye majivu, zikiwa zimekolea zaidi, isipokuwa zebaki ambayo hupanda na moshi. Kuna njia ya kuziyeyusha kwa asidi na kuzivuna, lakini ni ya viwanda vikubwa, na asidi iliyotumika nayo inakuwa taka nyingine.

Dawa iko mlangoni. Tope la majumbani kwa kawaida huwa na metali kidogo. Zikizidi, tafuta betri zilizotupwa shimoni. Tope la mabomba ni habari nyingine, kwa kuwa bomba hilo hilo hupokea karakana, viwanda vya ngozi vyenye kromi na wapaka rangi wa vyuma. Ndiyo maana kituo chenye akili hakichanganyi mizigo ya viwandani na ya majumbani kwenye kitanda kimoja. Lori likija na mzigo wa rangi ya ajabu au harufu ya petroli, tunachukua chupa ya sampuli na kumwomba dereva asubiri, hata akilalamika.

11. Je, mabaki ya dawa za hospitali, plastiki ndogondogo na zile kemikali zisizooza?

Sehemu ya dawa huvunjwavunjwa ndani ya rundo la mboji lenye joto, si zote. Plastiki ndogo hubaki zilivyo. Kundi la kemikali za PFAS, zinazotumika kwenye sufuria zisizogandisha na povu la kuzimia moto, ni gumu zaidi, na jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku kumwaga tope la majitaka mashambani mwaka 2022 baada ya kuzikuta kwenye mashamba. Kuchoma kwa hewa kidogo na joto kali, kama kwenye swali la 14, huharibu sehemu kubwa ya kemikali za kaboni. Kwetu mashambani hatari ya kesho asubuhi bado ni minyoo.

## Kilichomo chenye faida

12. Mbolea yake inalingana na ya dukani?

Isilinganishwe na urea. Gunia la urea lina naitrojeni asilimia 46. Mboji ya tope haifiki hata sehemu moja ya kumi ya hapo. Inachotoa ni kingine: inarudisha uhai kwenye udongo uliochoka, inashika maji, na naitrojeni yake inatoka polepole msimu mzima. Mkulima mwerevu hutumia vyote viwili na kupunguza kiasi cha ile ya kununua.

Si jambo geni duniani. Mji wa Milwaukee, Marekani, unauza tope lake lililokaushwa kama mbolea ya bustani tangu mwaka 1926, kwa jina la Milorganite. Nchini kwetu, ukitaka kuiuza kwenye mfuko wenye nembo lazima upite kwa mamlaka inayodhibiti mbolea, na uwe na majibu ya maabara, si maneno ya nondo.

13. Kwa nini msitoe gesi ya kupikia badala ya kuhangaika na makoleo?

Gesi ipo. Mwaka 1895 mjini Exeter, Uingereza, Donald Cameron alijenga karo la majitaka na gesi yake ikawasha taa za eneo hilo. Mitambo mikubwa ya leo hupata umeme kutokana na methani ya tope lake.

Tatizo ni kwamba mzigo tunaoletewa ni wa zamani. Tope lililokaa shimoni miaka mitano limeshatoa gesi yake huko huko, ikapanda na bomba la choo, ikaenda zake. Ukiliingiza kwenye mtambo ni kama kuchemsha majani ya chai mara ya tatu. Choo cha shule, gereza au soko, kinachojazwa na kutolewa kila wiki, ndicho chenye gesi. Mtu anayetaka kujenga mtambo wa biogesi aujenge pale pale chooni, asingojee lori. Na tope linalotoka kwenye mtambo huo bado lina mayai ya minyoo. Rudi swali la 7.

14. Ule mkaa wa kinyesi, unanuka? Chakula hakiharibiki?

Haunuki, na chakula hakina habari. Nakuru, Kenya, kampuni ya NAWASSCOAL iliyo chini ya kampuni ya maji ya mji huo hutengeneza mkaa wa mviringo hivi: tope linakaushwa, linachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka linakuwa jeusi, vumbi la mbao nalo linachomwa vivyo hivyo, vyote vinasagwa, vinachanganywa na molasi ili vishikane, kisha vinazungushwa kwenye pipa mpaka vinatoka kama madonge. Naivasha, Sanivation nao wamekuwa wakitengeneza mkaa mbadala wa namna hiyo. Joto la tanuri huua kila kimelea, na kinachonuka huungua humo humo.

Mteja analalamikia jivu, na ana haki. Tope la shimoni lina mchanga mwingi, mchanga hauwaki. Kwa wastani tope kavu lina nishati ya megajuli 17 hivi kwa kilo, karibu na kuni kavu. Mkaa wa miti hufika 28 na zaidi. Kuchanganya na vumbi la mbao au chenga za mkaa ndiko kunakouokoa. Unawaka polepole, unadumu, na kwa maharage ni mzuri sana. Kwa chapati za haraka haraka mama anayetujaribia bidhaa amekataa, na hatujamshawishi.

15. Mabuu wanaingiaje kwenye habari hii?

Ni wa yule mdudu mweusi, mwembamba, ambaye wafugaji wengi wanamwita nzi chuma. Si nzi wa chooni. Akikua hali chakula chako, anaishi siku chache, anataga, basi. Mabuu wake hula kinyesi kibichi kilichochanganywa na taka za chakula, na kwa wiki mbili hivi wananenepa. Wakikaushwa huwa na protini takriban asilimia 40, na wanachukua nafasi ya dagaa kwenye chakula cha kuku na samaki. Nairobi, Sanergy, walioanza kufungua vyoo vya Fresh Life mitaa ya Mukuru mwaka 2011, walijenga kazi kubwa juu ya mabuu hao na mbolea inayobaki.

Wanataka mzigo mbichi. Tope la zamani lililochacha hawalipendi, na lililomwagiwa mafuta ya taa linawaua. Vyura, yaani vijana wa Dar wanaotapisha mashimo kwa ndoo, hupenda kumwaga mafuta ya taa ili kupunguza harufu. Tunawaelewa. Ila mzigo huo hauwafai mabuu.

16. Fosforasi inaweza kuvunwa peke yake?

Inaweza. Magnesiamu, amonia na fosfati zikikutana kwenye maji yenye pH ya 8 au 9 hugeuka fuwele nyeupe iitwayo struvaiti, mbolea nzuri inayoyeyuka polepole. Mafundi wa mitambo waliijua kwanza kama balaa, kwa sababu huganda ndani ya mabomba mpaka yanaziba. Baadaye watu wakaona ni heri igandie kwenye tangi walilolichagua wenyewe. Ujerumani imeweka sheria kwamba kuanzia mwaka 2029 mitambo mikubwa ya majitaka ilazimike kurejesha fosforasi, maana nchi hiyo haina machimbo yake, na sehemu kubwa kabisa ya akiba ya mwamba wa fosfati duniani iko Moroko na Sahara Magharibi.

Sisi tuna machimbo ya fosfati ya Minjingu, Manyara, kwa hiyo presha si ile ile. Tena kwenye tope la shimoni fosforasi nyingi imeshikamana na yabisi, na ukitengeneza mboji inaenda shambani yote bila fuwele wala tangi. Struvaiti ina maana zaidi kwa mkojo uliotengwa. Pwani kuna magnesiamu ya bure: yale maji machungu yanayobaki kwenye mashamba ya chumvi baada ya chumvi kuvunwa. Kama kuna mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, aanzie hapo.

17. Ni kweli kuna dhahabu?

Swali la Geita hilo, lakini jibu ni ndiyo, Japani. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba mtambo wa majitaka wa Suwa, mkoa wa Nagano, ulipata gramu 1,890 za dhahabu kwa tani moja ya majivu ya tope, kiasi kinachozidi mbali madini ya mgodi wa kawaida. Eneo hilo lina viwanda vingi vya vifaa vya usahihi vinavyotumia dhahabu. Kwenye shimo la nyumba ya kupanga utapata hereni moja, na mwenyewe atakuja kuidai.

## Shambani na mtaani

18. Niiweke kwenye mazao gani?

Mahindi, migomba, miti ya matunda na ya mbao, maua, malisho. Ichanganye na udongo kabla ya kupanda, usiinyunyize juu ya majani. Kwa mchicha, saladi, karoti na vyote vinavyogusa ardhi na kuliwa vibichi, usitumie mboji isiyo na cheti cha maabara. Vaa viatu, nawa kwa sabuni. Ukiuziwa tope kavu la kitandani likiitwa mbolea, muulize muuzaji joto na siku. Akishindwa kujibu, lirundike mwenyewe kama swali la 8.

19. Je, si najisi?

Tunaulizwa sana, hasa pwani, na sisi si mashekhe. Tunachoweza kusema ni kwamba wanazuoni wamelijadili: Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978 kuhusu majitaka yaliyosafishwa, kwamba yakirudi katika hali yake bila najisi kuonekana kwa rangi, ladha wala harufu, yanaweza kutumika. Hoja ya kitu kugeuka kuwa kitu kingine kabisa ni ya zamani katika fiqhi, na mizozo yake pia. Kwa mboji na mkaa, muulize shekhe wako, ila umweleze hatua zote, asidhani tunatoa shimoni na kupeleka shambani.

## Maswali magumu

20. Dawa za unga za kushusha shimo zinasaidia?

Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizipima za aina mbalimbali na hawakuona tofauti ya maana na shimo lisilowekwa kitu. Shimo tayari lina bakteria kuliko paketi yoyote. Ukiona limeshuka baada ya kumwaga dawa na ndoo tano za maji, ni maji yamekoroga mzigo na kuzama ardhini. Chumvi, magadi, tindikali na mafuta ya taa ni mbaya zaidi; ubaya wa mafuta ya taa umeshatajwa swali la 15.

21. Ninaweza kuchakata tope la nyumbani kwangu?

Ukiwa na mashimo mawili ya kupokezana, ndiyo. Moja linajaa, unalifunga, unahamia la pili, na la kwanza unaliacha zaidi ya mwaka mmoja bila kuongeza chochote. Majivu baada ya kila matumizi husaidia. Kwa shimo moja linalotumika kila siku, usijaribu: juu yake daima kuna mzigo wa leo.

22. Kuna biashara hapa? Nina mtaji kidogo.

Ipo, lakini tope lenyewe ndilo rahisi kulipata. Kigali kulikuwa na kampuni ya Pivot iliyokausha tope la mji na kuliuza kama nishati ya viwandani. Kazi ilikuwa nzuri na haikudumu. Tuliona pia kikundi jirani na sisi kikinunua mashine ya kubana mkaa kabla ya kujenga paa la kukaushia. Masika yalipofika mashine ilikaa miezi mitatu imefunikwa turubai, tope likiwa uji. Mapato ya mbolea au mkaa hufidia sehemu tu ya gharama za kusafisha; iliyobaki hulipwa na ada za malori au na mamlaka ya maji. Anza na mnunuzi, halafu paa, halafu mashine.

23. Simu yangu imeangukia shimoni na bado inaita. Kijana anasema ataingia kuitoa. Nimruhusu?

Usimruhusu. Tope linalooza bila hewa hutoa salfidi haidrojeni, ile harufu ya mayai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikizidi inapooza pua, harufu inapotea ghafla, na aliye chini anadhani hewa imekuwa nzuri sekunde chache kabla ya kuzimia. Methani nayo inafukuza oksijeni na inalipuka kwa kiberiti. Mara nyingi anayekufa si mmoja: wa pili anaruka kumwokoa wa kwanza, na wa tatu anamfuata. Mtu akishaanguka, piga kelele, ita zimamoto, mtupie kamba ukiwa nje, usishuke.

Simu iache iite. Lori likija kunyonya, mwambie dereva, naye atawapigia wale wa reki.